Lugha na Kumbukumbu za Umma: Nyaraka na Haki ya Mwananchi wa Pwani ya Kenya



1. Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni kumbukumbu za umma na njia anayopitia mwananchi wa kijijini ili azione. Kwa kumbukumbu za umma ninakusudia maandishi yote ambayo ofisi ya serikali huyaandika au kuyapokea inapotekeleza kazi yake: sajili ya ardhi, daftari la vizazi na vifo, mihutasari ya vikao vya bunge la kaunti, bajeti, mikataba ya kujenga barabara na zahanati, na majalada ya mashauri ya mipaka. Mfano wangu mkuu utakuwa pwani ya Kenya, hususa eneo ambalo tangu uchaguzi wa Machi 2013 linaendeshwa na serikali ya Kaunti ya Kilifi.

Huenda msikilizaji akauliza mwanaisimu ana shughuli gani na masjala. Jibu langu ni kwamba mwananchi anahitaji mambo matatu ili afaidi kumbukumbu ya umma. La kwanza, kumbukumbu yenyewe iwepo na ipatikane ilipo. La pili, sheria imruhusu kuiona. La tatu, aielewe anapoiona, na kabla ya hapo aweze kuitaja kwa jina ambalo karani atalitambua. Wanahistoria wameshughulikia sharti la kwanza, na wanasheria wameshughulikia la pili. Sharti la tatu ni la lugha, na aghalabu limeachwa lijitunze lenyewe. Hoja yangu ni kwamba katika pwani ya Kenya sharti hilo la tatu limeamua mengi kwa zaidi ya karne moja, na kwamba mageuzi ya sheria ya miaka ya karibuni hayatakamilika pasipo kulitimiza.

2. Ushahidi wa msamiati

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu msamiati wa lugha ni kumbukumbu ya umma isiyohitaji kibali cha mtu. Waraka limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya jani na karatasi. Hati limetokana na neno la mstari na mwandiko, na hadi leo Waswahili hulitumia kwa maana mbili: namna ya kuandika, kama tunaposema hati ya Kiarabu, na karatasi yenye nguvu ya kisheria, kama tunaposema hati ya shamba. Jalada lina asili ya ngozi iliyofunikia kitabu. Daftari, karatasi, kalamu, sajili na wakili nayo yalitufikia kwa njia ya Kiarabu. Muhuri ni neno la asili ya Kiajemi. Cheti limetoka Bara Hindi. Kisha linafuata tabaka la pili, changa zaidi, lililotoka Kiingereza: faili, fomu, rejista, risiti.

Tabaka hizi mbili zinatueleza jambo. Kabla ya ofisi ya kikoloni kufunguliwa, jamii ya pwani ilikwisha kuwa na utamaduni wa kuandikiana, kushuhudiana na kuhifadhi. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mnamo 1711 kwa hati ya Kiarabu zimehifadhiwa hadi leo huko Goa, India, kwa kuwa zilipelekwa kwa watawala wa Kireno. Mauziano ya mashamba, mirathi na wakfu yaliandikwa mbele ya kadhi na mashahidi. Methali yetu, mali bila daftari hupotea bila habari, haikutungwa na afisa wa wilaya. Ni kauli ya wafanyabiashara waliojua thamani ya kuandika.

Hata hivyo, tusiitukuze enzi hiyo kupita kiasi. Maandishi yale yalikuwa ya miji na ya wenye mali. Mmijikenda aliyelima nyuma ya Malindi au Takaungu, na mtumwa aliyelima shamba la bwana wake, hawakuwa na hati. Kwao kumbukumbu ya ardhi ilikuwa katika mambo mengine: mnazi uliopandwa na babu, kaburi la wazee, njia ya kwenda kayani, na ushahidi wa majirani. Isitoshe, desturi ya pwani ilitenganisha umiliki wa mti na umiliki wa ardhi, hivyo mtu aliweza kumiliki minazi iliyosimama katika ardhi ya mwingine. Lugha ilikuwa na maneno ya kueleza hali hiyo, na wazee waliweza kuiamua. Kilichokosekana ni karatasi.

3. Sheria ya 1908 na kubadilika kwa lugha ya ushahidi

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 uliendelea kuhesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza ndio walioutawala. Mwaka 1907 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika ukanda huo. Mwaka mmoja baadaye, 1908, ikapitishwa Sheria ya Hatimiliki za Ardhi. Sheria hiyo ilimtaka kila aliyedai ardhi pwani apeleke dai lake mbele ya msajili, athibitishe, na akikubaliwa apewe cheti. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo dai lake halikukubaliwa, ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza.

Tunaona hapa kwamba mzigo uliwekwa juu ya mwananchi. Ukimya wake ulichukuliwa kuwa jibu. Aliyejua kwamba kuna sheria, aliyejua kuandika au aliyeweza kumlipa wakili, na aliyekuwa na hati ya kadhi, alikuwa na cha kuonyesha. Wengi wa waliofaulu walikuwa Waarabu na Waswahili wa mijini. Mmijikenda na mtumwa aliyeachwa huru mwaka uliotangulia walikuwa na mnazi, kaburi na jirani, na vitu hivyo havikuwa na safu katika rejista. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na sajili iliyozaliwa nayo ikawa ya Kiingereza. Kwa hiyo katika muda mfupi ushahidi ulihamishwa mara mbili: kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi, na kutoka Kiswahili na Kiarabu kwenda kwenye Kiingereza.

Matokeo yake yanaonekana mpaka leo. Neno skwota, tulilolipokea kutoka Kiingereza, linatumika kumtaja mtu anayeishi mahali alipozaliwa baba yake. Mwanaisimu anapaswa kulitazama neno hili kwa makini. Kiswahili hakikuwa na neno la dhana hiyo kwa sababu dhana yenyewe haikuwepo. Mtu hawezi kuwa skwota mpaka kwanza iwepo sajili ambayo jina lake halimo.

Uhuru ulipokaribia, mwezi Oktoba 1963, serikali za Kenya na Zanzibar ziliafikiana kuhusu kuunganishwa kwa ukanda wa pwani na Kenya. Miongoni mwa mambo yaliyohakikishwa ni mahakama za makadhi, na pia kwamba hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zingeendelea kutambuliwa. Ahadi hiyo ilikuwa na busara yake, kwani iliwatuliza wengi. Lakini ililinda kilichoandikwa tu. Mtu ambaye hakuandikwa baada ya 1908 hakupata chochote katika mapatano ya 1963.

4. Kumbukumbu zilizokwenda mbali

Baada ya uhuru Kenya ilitunga Sheria ya Nyaraka za Umma ya 1965, na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ikaanzishwa. Hii ilikuwa hatua kubwa. Nyaraka nyingi za wilaya, ambazo zingeliwa na mchwa au kunyeshewa, zilikusanywa Nairobi na kuorodheshwa. Lakini kwa mujibu wa sheria hiyo, nyaraka zilifunguliwa kwa umma baada ya miaka 30, na kutoka Kilifi hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500. Katika miaka hiyo ya 1960 nakala nyingi za nyaraka za wilaya zilipigwa picha katika filamu ndogo kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Wataalamu wa historia walinufaika sana, na tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Hata hivyo, ikawa rahisi zaidi kwa mwanafunzi wa Syracuse kuzisoma taarifa za mwaka za wilaya kuliko mkulima ambaye taarifa hizo zilimhusu.

Kuna pia nyaraka ambazo hazikuachwa kabisa. Waingereza walipoondoka mwaka 1963 walichukua sehemu ya majalada yao, na mengine waliyateketeza. Jambo hili lilidhihirika mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walioteswa katika miaka ya Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Ndipo ilipokubaliwa hadharani kwamba huko Hanslope Park kulikuwa na majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, yakiwemo ya Kenya. Mwezi Juni 2013 serikali hiyo ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Sijui mfano ulio bayana zaidi wa thamani ya kumbukumbu. Kwa nusu karne maneno ya wazee yaliweza kupuuzwa, na yalipokutana na karatasi yalisikilizwa.

Huku nyumbani, Sheria ya Siri za Serikali ya 1968 ilimfundisha karani kwamba usalama wake umo katika kukataa. Upande wa ardhi, Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya mwaka huohuo iliweka utaratibu ulio mzuri kimaandishi: mipaka ikishapimwa, rejista huwekwa wazi, na asiyeridhika ana siku 60 za kupinga. Lakini siku 60 ni nyingi kwa anayesoma tangazo na kulielewa. Kwa asiyelisoma hazifiki hata moja. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike katika mijadala ya Bunge, na wabunge wakakitumia, lakini miswada na sheria ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kikawa lugha ya kusema, Kiingereza kikabaki lugha ya kuhifadhi. Mgawanyo huo ndio tuliourithi katika kaunti.

5. Haki mpya

Katiba ya 2010 ilileta mabadiliko ya msingi. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 96, inairudia haki hiyo kwa habari zilizo mikononi mwa kaunti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaeleza utaratibu.

Utaratibu huo unafaa kujulikana. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anayo haki ya kusaidiwa: afisa wa habari ataliandika ombi lake na kumpa nakala. Ofisi inaweza kuwa na fomu yake, lakini haiwezi kulikataa ombi kwa sababu tu halikuandikwa katika fomu hiyo. Mwombaji halazimiki kuwa na sababu itakayomridhisha karani. Kuomba hakulipiwi, kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya nakala. Jibu linatakiwa katika siku 21, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Muda unaweza kuongezwa mara moja, kwa siku zisizozidi 14. Ofisi ikinyamaza, ukimya huo unahesabiwa kuwa kukataa, na mwombaji anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ijulikanayo kwa jina la Ombudsman.

Tulinganishe hili na 1908. Wakati ule ukimya wa mwananchi ulimwondolea haki. Sasa ukimya wa ofisi unampa mwananchi haki ya kushtaki. Mzigo umehamishwa kutoka bega moja kwenda jingine, na hilo si jambo dogo.

6. Kizuizi kilichobaki

Pamoja na hayo, sheria inamtaka mwombaji aeleze kinaganaga anachokitaka ili afisa aelewe. Hapo ndipo lugha inaporudi. Tuchukue maneno mawili.

La kwanza ni habari. Katika matumizi ya kila siku, habari ni salamu, na pia ni yale yanayotangazwa redioni. Mtu anayefika kaunta na kusema amekuja kutafuta habari ataambiwa nzuri, au ataelekezwa kwa waandishi. Nchini Tanzania, ambako sheria ya aina hii ilipitishwa mwaka huohuo wa 2016, neno lililozoeleka ni taarifa. Pande zote mbili zinatafsiri dhana moja, na mwananchi aliye mpakani, Lungalunga au Horohoro, husikia haki moja ikitajwa kwa majina mawili.

La pili ni kumbukumbu. Neno hili ni zao la kitenzi chetu wenyewe, kumbuka. Kwa mzee wa Ganze, kumbukumbu ni kile anachokikumbuka na alichoambiwa na baba yake. Kwa karani, ni kile kilicho ndani ya jalada. Wote wawili wanasema Kiswahili sanifu, na wote wako sahihi, lakini hawazungumzii kitu kimoja. Mzee akiulizwa kama ana kumbukumbu za shamba atajibu ndiyo, na ataanza kusimulia. Karani ataandika kwamba hakuleta chochote.

Kisha kuna lugha ya kumbukumbu yenyewe. Tuseme ombi limeandikwa kwa Kiswahili na limekubaliwa katika siku 21. Kinachotolewa, mara nyingi, ni nakala ya Kiingereza: bajeti, mpango wa maendeleo wa miaka mitano wenye mamia ya kurasa, au gazeti rasmi la serikali. Mwananchi ameuliza kwa lugha moja rasmi na kujibiwa kwa nyingine. Sheria ya 2016 inaitaka ofisi, inapotangaza habari kwa hiari yake, izingatie lugha ya wenyeji na njia inayofaa mahali hapo. Lakini desturi ya ofisi ni ya zamani kuliko sheria. Hata Katiba yenyewe, katika kifungu cha 259, inasema kwamba matini za lugha mbalimbali zikipingana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Ninafahamu hoja ya kisheria ya kuwa na matini moja ya kuamulia. Ninachosema ni kwamba lugha ambayo haiwezi kamwe kushinda katika shauri itaendelea kuonekana na makarani kuwa lugha ya kusaidia tu.

Yupo atakayesema kwamba tatizo ni elimu wala si lugha, na kwamba kila mtoto akifundishwa Kiingereza jambo litakwisha. Mfano wa Tanzania unatupa tahadhari kwa pande zote mbili. Huko, kwa miongo mingi, mihutasari ya serikali za vijiji imeandikwa kwa Kiswahili, na mwanakijiji anayesoma anaweza kuielewa. Hata hivyo, sheria zenyewe ziliendelea kutungwa kwa Kiingereza hadi mabadiliko ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa upande mwingine, kumbukumbu iliyoandikwa kwa Kiswahili na kufungiwa kabatini haimsaidii mtu. Lugha peke yake haifungui ofisi. Lakini ofisi iliyofunguliwa bila lugha humwacha mwananchi amesimama ndani, mikono mitupu.

7. Hitimisho na mapendekezo

Ninapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji sheria mpya. Kwanza, kila kaunti ya pwani, kwa ushirikiano na idara zetu za Kiswahili, itayarishe orodha fupi ya istilahi za kumbukumbu zake: jina la kila sajili na kila fomu kwa Kiswahili, kando ya jina linalotumiwa na karani. Maneno yapo, masjala, sajili, muhtasari, hatimiliki na pingamizi si ya kubuni. Pili, kila waraka mkubwa wa umma uwe na ikisiri ya Kiswahili ya kurasa mbili au tatu, inayotaja fedha, mahali na tarehe. Mwananchi haombi fasiri ya kurasa 300. Anaomba kujua zahanati ya kijiji chake imetengewa kiasi gani. Tatu, afisa wa habari afundishwe kusikiliza masimulizi na kuyageuza kuwa ombi lililoandikwa, kama sheria inavyomwamuru. Kazi hiyo ni ya kiisimu, na wahitimu wetu wanaiweza.

Kuhusu ardhi, pendekezo langu ni zito zaidi. Masimulizi ya wazee wa Kimijikenda kuhusu mipaka, miti na makaburi yanapaswa kurekodiwa kwa lugha zao na kwa Kiswahili, kuwekewa tarehe na majina ya mashahidi, na kuhifadhiwa katika kaunti, ambako yataweza kuonwa na pande zote za shauri. Hayataifuta sajili ya 1908, wala si kila simulizi litakuwa kweli. Lakini yatakuwa yameandikwa, na tumeona jinsi neno la mzee linavyopata uzito linapokutana na karatasi. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na hakuna sheria inayoweza kumpa mtu siku 21 za kuipata kumbukumbu iliyozikwa.